Fyuzi Ndogo Ndani ya Plagi: Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Ekstensheni Yako Inaihitaji



Masika iliyopita niliitwa kwa mama mmoja mfugaji. Banda lake lilikuwa limeungua usiku, na vifaranga 200 vya wiki mbili vyote vimekwisha. Umeme wa banda aliuvuta kutoka sebuleni kwa ekstensheni. Alikuwa amechomeka balbu tatu za joto, kila moja wati 250, na jiko la umeme la wati 2,000 la kupashia maji. Waya uliobaki aliuviringisha chini juu ya maranda. Moto ulianzia hapo kwenye waya.

Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, mbona breka ya ukutani haikujikata?"

Leo nataka tulijibu swali hilo, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Plagi yetu ilizaliwa vitani

Mwaka 1942, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, wahandisi wa Uingereza waliunda kamati ya kupanga umeme wa nyumba zitakazojengwa baada ya vita. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi sana, na shaba ya kutengenezea nyaya ilikuwa adimu.

Zamani plagi zao zilikuwa na miguu ya duara za ukubwa mbalimbali, na soketi kubwa ilivutiwa waya wake peke yake mpaka kwenye ubao wa fyuzi. Shaba nyingi ilitumika. Kamati ikapendekeza waya mmoja uzunguke nyumba, upite soketi zote, kisha urudi ulikoanzia. Fyuzi ya waya huo ikawa ya ampea 30.

Hapo ndipo likaja tatizo. Fyuzi ya ampea 30 inaulinda ule waya mnene wa ukutani. Waya mwembamba wa redio au taa utaungua kabla fyuzi hiyo haijahisi chochote. Suluhisho lao lilikuwa kuweka fyuzi nyingine ndogo ndani ya kila plagi. Plagi hiyo ya miguu mitatu ya mstatili, ampea 13, ilitolewa kama kiwango rasmi mwaka 1947, na ndiyo tunayotumia mpaka leo.

Katika kamati hiyo mwanamke alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett. Alitilia mkazo usalama wa watoto wanaochezea soketi. Ndiyo maana matundu mawili ya chini yana vifuniko kwa ndani, na mguu mrefu wa juu, ule wa ethi, ndio unaovifungua. Wewe unayechokonoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie, unaondoa kinga iliyowekwa kwa ajili ya mwanao.

Ilivyotufikia

Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908, wakati wa Wajerumani. Lakini plagi tuliyorithi ni ya Waingereza waliotawala baada yao. Hata baada ya TANESCO kuanzishwa, kwa miaka mingi umeme ulibaki kuwa jambo la mjini. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, na REA ikaanza kazi mwaka 2007. Baadaye gharama ya kuunganishiwa kijijini ikawa shilingi 27,000, na nyumba ndogo zikaletewa UMETA ili ziwake bila kutandaza nyaya nyumba nzima.

Ni jambo jema sana. Lakini nyumba nyingi zina soketi moja au mbili, na vitu vya kuchomeka vinaongezeka kila mwaka: simu, runinga, friji ya soda, balbu za vifaranga. Pengo hilo limezibwa na ekstensheni, na nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini hazina fyuzi ndani ya plagi.

Jibu la swali la mama

Balbu tatu ni wati 750. Jumlisha jiko, unapata wati 2,750. Gawanya kwa volti 230, ni kama ampea 12. Breka ya soketi zake ilikuwa ya ampea 32. Kwa upande wa breka hakukuwa na tatizo lolote, kwa hiyo haikujikata.

Waya wa ekstensheni yake ulikuwa wa kubeba ampea 6 tu. Ulibeba mara mbili ya uwezo wake usiku kucha, tena ukiwa umeviringishwa, joto halina pa kutokea. Nilipofungua plagi, fyuzi haikuwepo. Na hata angekuwa na fyuzi ya ampea 13 isingemsaidia, kwa sababu ampea 12 hazifiki 13. Fyuzi lazima ilingane na waya wake.

Unaponunua

Soma maandishi kwenye ganda la waya. "3 x 1.5" maana yake ni nyaya tatu, ethi ikiwemo, kila moja milimita za mraba 1.5. Huo unatosha ampea 13, yaani karibu wati 3,000. Waya wa 1.0 ni ampea 10, wa 0.75 ni ampea 6. Ukikuta "2 x", ethi hakuna, uache. Tafuta alama ya TBS, na hakikisha plagi ina fyuzi.

Wewe mwenye duka, fanya hivyo hivyo unapochukua mzigo mjini. Anayenunua kwako ni jirani yako.

Unapotumia

- Jiko, pasi, jagi la kuchemshia maji na mashine ya kukatia majani vichomeke ukutani moja kwa moja.
- Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.
- Kunjua waya wote. Usiupitishe chini ya mkeka, godoro au maranda.
- Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kile kile. Usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya.
- Plagi ya miguu miwili, mpe fundi aibadilishe.
- Gusa ganda la waya na plagi baada ya nusu saa. Ukisikia joto, chomoa na punguza mzigo.
- Banda la kudumu lihitaji laini yake ya kudumu. Mwite fundi mwenye leseni.

Yule mama ameanza tena na vifaranga 100. Safari hii fundi alivuta laini ya banda kwanza, vifaranga vikafuata. Leo jioni, kabla hujalala, fungua plagi ya ekstensheni yako ikiwa imechomolewa, uangalie kama fyuzi imo.