Nguo Zinazopima Afya

Leo tuzungumze juu ya mavazi yanayopima afya. Mwaka 1996, katika chuo cha Georgia Tech, Marekani, Profesa Sundaresan Jayaraman na wenzake walianza kutengeneza shati lenye nyuzi maalum. Lilikusudiwa askari: likitobolewa na risasi, lionyeshe jeraha liko wapi, na lipime mapigo ya moyo.

Baadaye watoto wachanga nao wakakumbukwa. Huko India, kampuni ya BEMPU ilitengeneza bangili ya mtoto. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 36.5, bangili hulia.

Ikilia, mama afanye nini? Amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Hiyo hainunuliwi.

Kwa hivyo hata bila bangili, mama, gusa tumbo na nyayo za mtoto wako mchanga. Nyayo pekee zikiwa baridi, mpashe joto kifuani. Tumbo nalo likiwa baridi, hiyo ni hatari: mvike kofia, mfunike kwa leso akiwa kifuani, mnyonyeshe, na umpeleke hospitali mara moja.