Maadhimisho ya sakramenti katika parokia za Shinyanga na Geita

Parokia za Kikatoliki za Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita huadhimisha sakramenti saba kwa ibada ileile inayotumika kwingine nchini. Tofauti inaletwa na waumini wenyewe: wakulima na wafugaji wa Kisukuma ambao miji yao imetawanyika, na wachimbaji wadogo wanaohama kila wanaposikia kuna rashi mpya, yaani mahali palipogunduliwa dhahabu na watu wanapakimbilia.

Majimbo matatu yanahusika. Shinyanga, lililoanza kwa jina la Maswa, lilipewa jina lake la sasa mwaka 1956. Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani ndio waliolilea. Kahama liliundwa mwaka 1983, na Geita mwaka 1984 kutoka Mwanza. Mipaka ya majimbo haifuati ya mikoa: Ushirombo, misheni ya Mapadre Weupe tangu 1891, ipo Mkoa wa Geita lakini ni ya Jimbo la Kahama.

Parokia moja hubeba vigango vingi, yaani vituo vidogo vya ibada, na Jumapili nyingi katekista ndiye anayeongoza ibada. Padre akifika kigangoni, mengi hufanyika siku hiyohiyo. Maungamo husikilizwa chini ya mti, watoto hubatizwa ndani ya Misa, na matoleo huja na mahindi, mtama na kuku aliyefungwa miguu, ambaye baadaye hupigwa mnada uwanjani huku watu wakicheka. Kisha padre hupanda pikipiki kwenda kuwapaka mafuta wagonjwa majumbani. Kipaimara humsubiri askofu, kwa hiyo watoto wa vigango kadhaa hukusanywa pamoja.

Sakramenti inayochelewa kuliko zote ni ndoa. Kwa Wasukuma mahari ni ng'ombe, na ukoo hauhesabu binti ameolewa mpaka ng'ombe wafike. Sheria ya Kanisa haidai mahari. Inataka ridhaa ya wawili mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Kijana asiye na mifugo hukwama kati ya madai hayo mawili: anaishi na mwenzake, wanazaa, na miaka yote hiyo wote wawili hawapokei komunyo. Kuwaita wavivu wa imani ni kuwaonea. Wengi hufunga ndoa wakiwa tayari wazazi, mara nyingine jozi kadhaa katika Misa moja, na watoto wao wakiimba kwaya.

Anayewasukuma kufika hapo kwa kawaida ni jumuiya. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, waliamua mwaka 1976 kuweka jumuiya ndogondogo kuwa msingi wa uchungaji. Mtu akiomba sakramenti, mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayeulizwa kwanza: huyu mnamfahamu, anasali nanyi, zaka anatoa? Utaratibu huu unafaa kijijini. Kwenye machimbo unayumba, kwa sababu mtu aliyetoka Kigoma juzi na kushinda duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, wiki nzima hana wa kumtolea ushuhuda, na kesho huenda akahamia kwingine.

Uzito wa Ekaristi kwa waumini hawa ulionekana Februari 2023, mtu mmoja alipoingia usiku katika Kanisa Kuu la Geita na kuharibu altare, tabernakulo na vitu vingine vitakatifu. Askofu Flavian Kassala alilifunga kanisa hilo, na waumini wakaingia katika sala za toba. Lilifunguliwa tena Machi 18 kwa ibada ya kulitakasa. Katika imani ya Kikatoliki tabernakulo huhifadhi Ekaristi, ndiyo maana tukio hilo halikuhesabiwa kama uharibifu wa mali tu.

Kwa wanaohamahama, kiungo kinachobaki ni daftari la ubatizo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaagiza kipaimara, ndoa na daraja takatifu viandikwe pembeni mwa jina la mtu katika parokia alikobatizwa, popote alipovipokelea. Anayetaka kufunga ndoa Geita, Kahama au Shinyanga, na amebatizwa kwingine, aandikie mapema parokia alikobatizwa aombe cheti kipya. Kile cha utotoni hakionyeshi yaliyofuata.