Tarehe ya Nguo na Uzi wa Ng'ambo

Msafiri Ibn Battuta alipoizuru Mogadishu mwaka 1331 alikuta mafundi wakifuma nguo zilizochukua jina la mji wenyewe, nazo zikipelekwa hata Misri. Basi asemaye kwamba watu wa pwani walifundishwa kufuma na wageni hana hoja. Illa uzi ulikuwa na mambo yake. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aeleza jinsi Waislamu wa Sofala, katika Msumbiji ya leo, kwa kutojua kuitia pamba yao rangi, walivyozifumua nguo za buluu za Cambay, bandari ya India, wakaufuma upya uzi ule pamoja na wao mweupe: ustadi mkubwa, lakini jahazi la Cambay lisipofika, kazi husimama.

Kisha wakaja Wamarekani. Mkataba wa 1833 baina yao na Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, uliweka ushuru wa 5 kwa mia tu, na marikebu za Salem, bandari yao, zikashusha Unguja majora ya merikani, nguo ngumu isiyopaushwa, ambayo huko bara ndiyo iliyokuwa fedha: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na kwa doti ilihesabiwa hongo, yaani ushuru wa njia, ya masultani na thamani ya pembe. Vita vilipozuka Marekani mwaka 1861 na pamba ikaadimika, pengo hawakulijaza wafumaji wa Benadir, pwani ya Mogadishu, bali viwanda vya Uingereza na, baadaye, vya Bombay. Nao wafumaji wale wakazoea kununua uzi wa viwandani kutoka ng'ambo. Hata kanga, tuionayo kuwa yetu kuliko nguo zote, kwa miaka mingi ilichapwa Uholanzi, India na Japani.

Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na pamba ya nchi ikasokotwa, ikafumwa na kuchapwa papa hapa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua iliyogusa shina la jambo. Haikudumu: milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa masokoni.

Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki waliazimu kuiondoa mitumba, Marekani ikatishia kuwanyima nafasi ya AGOA, msamaha wake wa ushuru kwa bidhaa za Afrika. Kenya ilikuwa na la kuhofia: nguo zilizoshonwa Athi River wakati huo ziliuzwa Marekani bila ushuru, ingawa kitambaa chake aghlabu kilitoka Asia, na fundi alikata, alishona na kupakia tu (kazi nisiyoidharau, maana imelisha nyumba nyingi). Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia kodi yake juu ya mitumba, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo.