Hodi kwenye Kompyuta

Ndugu msomaji, siku ya kwanza nilipofungua lile dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta kuukuu ya rafiki yangu, hapa Babati mjini, nilikuta alama ya dola imekaa peke yake inangoja. Nikauliza, "Jamani, hii nayo inadai hela?" Rafiki yangu akacheka mpaka machozi. Kumbe alama ile, iitwayo promti, ndiyo mashine inasema: nipo, leta neno.

Hebu turudi nyuma kidogo. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu ilifika mwaka 1965, ikawekwa Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta, labda upate kibali maalumu. Miaka mitano baadaye, yaani 1979, maabara za Bell huko Marekani zikatoa programu ya kupokea amri iliyotungwa na Stephen Bourne. Programu za namna hiyo huitwa sheli. Siyo sheli ya mafuta ile ya njia ya Singida! Ndani yake mlikuwa na nafasi iitwayo PS1, ambamo mtumiaji aliandika promti aitakayo mwenyewe. Wenzetu wanaifundisha mashine namna ya kuwaitikia, sisi hata hodi hatujapiga.

Mwaka 1989 Brian Fox akatoa Bash, sheli iliyorithi PS1 hiyo hiyo, nayo ndiyo iliyomo kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilitaka wataalamu. Promti inataka mstari mmoja tu:

PS1='Karibu \w: '

Hiyo \w huonyesha uko kwenye folda gani. Ukitaka promti yako isipotee ukifunga dirisha, andika mstari huo kwenye faili la .bashrc.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, riwaya yangu ilikwama mwaka mzima daftarini kwa kuiogopa mashine ya Kiingereza. Sasa promti yangu inasema "Paukwa". Naitikia kimoyomoyo, "Pakawa", kisha nafungua sura ya tatu.

Vijana wenzangu, mlango tuliukuta umeshafunguliwa. Wa kutukaribisha ndani kwa lugha yetu ni sisi wenyewe.