Juu ya nini Terminator ya 2019 ilikula hasara?

Filme Terminator: Dark Fate ilitoka mwaka 2019. Kuitengeneza kulikula karibu dola milioni 185, bila kuhesabu makuta ya kuitangaza. Dunia nzima, tiketi zilileta karibu dola milioni 261. Mutu anaweza kusema ni faida. Hapana. Sinema zinabakiza karibu nusu ya bei ya tiketi, na nusu inayobaki haikutosha kulipa gharama.

Lakini majina makubwa yalikuwamo: Arnold Schwarzenegger, Linda Hamilton, na James Cameron, mwenye kuanzisha hadithi hii mwaka 1984, akiwa mumoja wa watayarishaji. Sasa shida ilikuwa wapi?

Kwanza, watu walichoka. Walikwisha kujaribu kuifufua hadithi hii mwaka 2009 na tena 2015. Ile ya 2019 ikafuta yote yaliyokuja kisha filme ya pili ya 1991.

Pili, John Connor, yule mutoto aliyeokolewa kwa shida katika filme ya pili, anauawa pale mwanzoni kabisa. Wapenzi wa zamani waliona kama walililia bure.

Tatu, vijana hawakujiona ndani. Mwaka 2022 Cameron mwenyewe alikubali: kurudisha Schwarzenegger na Hamilton wote wawili kuliifanya ionekane filme ya wababu.

Alitaka zifuate filme zingine mbili. Hazikutengenezwa. Jina la zamani linafungua mulango, lakini hadithi ndiyo inaingiza watu.