Oskar Fischer na vibonge vya ubongoni

Ugonjwa wa Alzheimer unajulikana kwa jina la daktari mmoja. Kwa haki, Oskar Fischer wa Prague angestahili kutajwa naye.

Novemba 1901 Auguste Deter, mwenye miaka 51, alifikishwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Alikuwa akimshuku mumewe na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akiambiwa aandike jina lake, anakwama njiani. Alois Alzheimer ndiye aliyemhoji. Mama huyo alipofariki Aprili 1906, Alzheimer, ambaye sasa alikuwa Munich, aliletewa ubongo wake. Aliukata vipande vyembamba, akavitia rangi kwa chumvi ya fedha, akavitazama kwa hadubini. Ndani ya seli aliona nyuzi zilizosokotana. Nje yake, vibonge vya kitu asichokijua. Novemba mwaka huo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali.

Mwaka uliofuata, Fischer alichapisha uchunguzi wa bongo 16 za wazee waliofariki wakiwa wamepoteza akili. Katika 12 alivikuta vibonge. Alzheimer alikuwa na mgonjwa mmoja, tena hajazeeka. Lakini mwaka 1910 Emil Kraepelin, mkuu wa Alzheimer, aliuingiza ugonjwa huo katika kitabu chake cha magonjwa ya akili kwa jina la msaidizi wake, ukaonekana kuwa wa nadra na wa watu wa makamo. Bibi na babu waliosahau watoto wao wakaendelea kuambiwa ni uzee tu. Hasara hiyo ilidumu miongo mingi. Fischer mwenyewe, Myahudi, alikamatwa na Wanazi na kufia Terezín mwaka 1942.

Ni mwaka 1968 ndipo Blessed, Tomlinson na Roth wa Newcastle, Uingereza, walipohesabu vibonge katika bongo za wazee na kuonyesha kwamba vilipozidi, akili nayo ilikuwa imedhoofika zaidi. Vimeumbwa na nini? Jibu lilikuja 1984, Glenner na Wong wa San Diego walipoitambua beta amiloidi, kipande kinachokatwa kutoka protini kubwa iliyomo katika utando wa seli. Vipande hivyo hunatana. Punde ikajulikana kwamba zile nyuzi ni tau, protini ambayo kwa kawaida hushikilia kiunzi cha ndani cha seli.

Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab, dawa inayoondoa amiloidi. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa takriban asilimia 27, lakini haikuusimamisha, na baadhi ya wagonjwa walivimba ubongo au kuvuja damu kichwani.