Karura Haikuokolewa na Mtu Mmoja

Kila Septemba 25, siku aliyofariki Wangari Maathai mwaka 2011, simu zetu hujaa picha zake. Tunaandika "shujaa", tunaweka kaemoji ka mti, tunalala. Wacha niseme kitu huenda usipende: tukimgeuza malaika, tunajipa ruhusa ya kukaa tu.

Hebu turudi 1989. KANU ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Maathai alianza na nini? Si mawe. Barua. Aliandikia ofisi ya rais, akaandikia mashirika ya UN, akaandikia hadi balozi wa Uingereza. Wabunge wakamcheka, wakasema hao ni kundi la wanawake waliotalikiwa. Rais Moi naye akasema mwanamke wa Kiafrika anafaa kuheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt Movement ikafukuzwa ofisini, kazi ikahamia nyumbani kwake. Lakini waliotarajiwa kuleta pesa kutoka nje walijitoa, na mwishowe uzio ukang'olewa. Ukilala kwenye nyasi za Uhuru Park Jumapili, umelalia barua za mtu.

Sasa Karura. Mwaka 1998 watu waligundua msitu huo, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, umeanza kukatwa vipande na kugawiwa kampuni za watu binafsi. Hapa ndipo hadithi tunaisimulia vibaya, kana kwamba mama mmoja alisimama mbele ya tingatinga na tingatinga likaogopa. Hapana. Kulikuwa na akina mama wa miche, wabunge wa upinzani, viongozi wa dini, waandishi wa habari.

Januari 8, 1999 walienda kupanda mti langoni. Wakakuta vijana wa kukodiwa wenye marungu. Maathai akapasuliwa kichwa. Alienda kituo cha polisi akaandikisha ripoti, na akaitia sahihi kwa damu yake mwenyewe.

Baada ya hapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Kenyatta wakaingia barabarani, wakapambana na polisi, vyuo vikafungwa. Fikiria hilo. Vijana wa rika langu, wengi wao hawakuwa na ploti hata moja Nairobi, walihatarisha masomo yao kwa ajili ya miti. Agosti mwaka huohuo Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Na hao vijana waliokodiwa? Nawafikiria sana. Huenda walikuwa na njaa kama sisi. Mnyakuzi hashiki rungu mwenyewe, anakulipa wewe ulishike, halafu watoto wako wanakosa pa kuchezea.

Kwa nini nayaleta haya leo? Kwa sababu uwanja wetu wa mtaa, ule tuliochezea mpira wa karatasi, umezungushiwa mabati wiki hii. Hakuna bango, hakuna anayesema ni nani. Kwa grupu ya WhatsApp ya mtaa tumelia siku tatu, basi.

Watu wa Karura hawakuwa na kitu tulicho nacho: Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuitetea bila kuonyesha kwamba wewe binafsi umepata hasara. Hauhitaji kuwa mheshimiwa. Mimi nimeacha chuo na nimekielewa.

Kwa hivyo, Jumamosi saa tatu asubuhi, pale kwa mabati. Tuje kwa amani. Wazee waje na kumbukumbu, maana wao ndio wanajua uwanja ulitengwa lini na ulikuwa wa nini. Mwenye picha za zamani azilete. Mwenye mwandiko mzuri alete kalamu, kwa sababu tutaanza na barua.

Picha ya Mama Wangari iache nyumbani. Njoo wewe.